Sauti ya ndege ndani ya wimbo: flenja na feiza zilitoka wapi

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana ninayetengeneza muziki kwenye kompyuta, niko Morogoro. Juzi nimesikiliza wimbo wa zamani wa Waingereza, Itchycoo Park wa Small Faces. Pale dramu zinapochangamka, sauti nzima inazunguka kama jeti inapita juu ya paa. Nina plagini (zile programu ndogo za kubadilisha sauti) ya feiza na ya flenja, nimezihangaikia zote mbili usiku kucha, hakuna inayotoa kitu kile. Mwaka 1967 walifanyaje bila kompyuta? Nani alianza? Na ni kweli neno flenja lilitokana na utani wa John Lennon?

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Umenirundikia maswali mengi kwa mkupuo, na kwa bahati nzuri yote yana mzizi mmoja. Plagini zako si mbovu. Kuna kitendo kimoja ambacho mafundi wa 1967 walikifanya kwa kidole, na plagini nyingi, kwa jinsi zilivyoundwa, haziwezi kukifanya mpaka uzisaidie. Kitendo chenyewe ni kupishana. Nitafika huko, ila kwanza naomba ufanye jambo dogo kwa masikio yako, kabla hatujaingia kwenye majina ya watu.

Chukua redio, itoe kwenye stesheni hadi isikike ile "shhhh" tupu. Iweke mezani mbele yako. Sasa chukua sinia la bati, lishike wima nyuma ya sikio lako kama kiganja cha mtu anayetega sikio, lisogeze polepole kutoka umbali wa mkono hadi karibu ligusane na sikio, halafu lirudishe nyuma. Usikilize vizuri. Ile "shhhh" inaanza kupanda kama mluzi wa mbali, inafunguka sinia linapokaribia, inashuka tena linapoondoka. Tayari umetengeneza flenja, kwa sinia la pilau.

Kilichotokea ni hiki. Sikio limepokea sauti ileile mara mbili: moja imekuja moja kwa moja, nyingine imepita sikio, ikagonga sinia na kurudi, kwa hiyo imechelewa kidogo. Sinia likiwa sentimita 17 kutoka sikioni, sauti ya pili imesafiri sentimita 34 zaidi, na kwa mwendo wa sauti hewani hiyo ni karibu milisekunde 1, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ndani ya "shhhh" mna masafa ya kila aina, ya chini hadi ya juu. Kwa masafa ya hezi 1000, yaani mizunguko 1000 kwa sekunde, kuchelewa milisekunde 1 ni mzunguko mzima, kwa hiyo nakala mbili zinakutana zikiwa hatua moja na zinasaidiana. Kwa hezi 500, milisekunde hiyohiyo ni nusu mzunguko: moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Umeona watoto wawili wanaogombea bembea, mmoja anaisukuma mbele na mwenzake anairudisha nyuma? Bembea inasimama. Hezi 500 zinakufa. Na hezi 1500 zinakufa, na 2500, na 3500, kuendelea hadi juu. Ukichora picha yake unapata chanuo: jino, pengo, jino, pengo. Sinia linaposogea, mapengo yote yanahama pamoja, na sikio linasikia chanuo likitambaa juu ya sauti.

Kwa hiyo mfano wako wa jeti si mfano tu. Ndege inapopita, unasikia kishindo chake kutoka juu na kishindo hichohicho kilichogonga ardhi na kurudi, na tofauti ya njia hizo mbili inabadilika ndege inavyosogea. Ni flenja halisi, isiyo na fundi. Huygens, yule mwanasayansi wa Uholanzi wa saa za pendulumu, aliligundua jambo la aina hii mwaka 1693 huko Chantilly, Ufaransa: maji ya chemchemi ya bustani yalikuwa yakivuma, na karibu na ngazi pana za mawe uvumi ule ulikuwa na noti, kwa sababu kila kidato kilirudisha sauti kwa kuchelewa kidogo kuliko kilichotangulia. Basi ukiniuliza nani alianza, sitakutajia mtu mmoja. Sauti hii ilikuwepo. Ilisubiri nyenzo za kuishika.

Nyenzo ya kwanza ilikuwa santuri. Les Paul, mpiga gitaa wa Marekani ambaye jina lake liko kwenye magitaa ya Gibson, alikuwa akirekodi sauti juu ya sauti tangu miaka ya 1940 kwa mashine za kuchonga santuri, kabla tepu haijaenea. Alikuwa na mashine mbili, moja yenye uwezo wa kubadilisha mwendo. Akicheza kitu kimoja kwenye zote mbili na kuichezea moja mwendo, chanuo linatokea. Kwake yalikuwa majaribio ya mtu asiyeweza kukaa bila bisibisi mkononi.

Wimbo unaotajwa mara nyingi kuwa wa kwanza kuivumisha sauti hiyo kwa umma ni The Big Hurt wa Toni Fisher, wa mwaka 1959, uliopanda hadi nafasi ya 3 kwenye chati ya Billboard. Utafute leo usiku. Utashangaa: haikuwekwa kwenye dramu tu, wala kwenye kipande kimoja. Imemwagwa kwenye wimbo wote, mwimbaji na okestra pamoja, kama vile mtu anapitisha pazia mbele ya redio. Kwa sikio langu imezidi chumvi. Lakini fikiria kijana wa 1959 anayesikia kitu kile kwenye redio ya gari kwa mara ya kwanza, hana neno la kukiita.

Halafu kikapita kimya cha miaka kadhaa, na jambo likaibuka upya London kwa mlango mwingine kabisa: uvivu wa John Lennon. Hapa ndipo hadithi yako ya jina inapoanzia, na imekufikia imegeuzwa kidogo.

Waimbaji wa wakati ule walipenda kuimba wimbo mara mbili, sauti ya pili ikilala juu ya ya kwanza ili koo lionekane nene. Lennon aliipenda sauti hiyo na kuichukia kazi yake. Mwaka 1966, Beatles wakianza albamu ya Revolver katika studio za EMI pale Abbey Road, fundi mmoja wa mitambo, Ken Townsend, alimtafutia dawa. Mafundi wa mitambo wa EMI walivaa makoti meupe kama watu wa maabara, na kazi yao hasa ilikuwa kuhakikisha mashine zinatembea, si kubuni muziki. Townsend akafikiri hivi. Mashine ya tepu ina kichwa cha kurekodia na kichwa cha kusomea, na baina yao kuna nafasi. Tepu hupita kwanza kwenye cha kurekodia, kisha kwenye cha kusomea. Ukichota sauti ya Lennon kutoka kile kichwa cha kwanza, unaipata mapema kuliko wenzako wanaoisikia kutoka kichwa cha pili. Hiyo sauti ya mapema unaipeleka kwenye mashine nyingine ya tepu, inarekodiwa na kusomwa hapohapo, na safari hiyo inaichelewesha. Aliyetangulia amecheleweshwa, wa nyuma anafika, wote wanakutana mlangoni karibu kwa wakati mmoja. Kisha mota ya mashine ya pili unaiendesha kwa oskileta, kifaa cha kutoa mawimbi ya umeme; ukizungusha kitasa mwendo unaongezeka au kupungua kidogo, na nakala ile inasogea mbele au nyuma ya asili kama unavyotaka.

Hebu rudia sentensi hiyo ya mwisho: mbele au nyuma. Sinia lako la bati haliwezi kufanya hivyo; sauti iliyogonga sinia siku zote itakuja ya pili. Mfumo wa Townsend uliipa nakala uwezo wa kuitangulia asili. Usahau kila kitu kingine nilichoandika, lakini hilo lishike.

Mfumo ule uliitwa ADT, kifupi cha Kiingereza cha kurudufu sauti kwa mashine, na kazi yake ya kila siku haikuwa flenja. Nakala ikichelewa makumi ya milisekunde, sikio linasikia waimbaji wawili, na Lennon akapata koo nene bila kuimba mara mbili. Nakala ikisogezwa karibu sana, milisekunde chache na kushuka, sikio haliwezi tena kuwatenganisha, na chanuo linajitokeza. Mashine ileile, umbali tofauti. Ukitaka kuwasikia wakienda mbali na kifaa hicho, sikiliza Blue Jay Way ya 1967. Pale sauti ya mwimbaji karibu inayeyuka.

Sasa jina. Lennon alimuuliza George Martin, prodyuza wao, jambo hili linafanyikaje. Martin alijua kwamba Lennon na maelezo ya kifundi ni mafuta na maji, akamjibu kwa maneno ya kipuuzi mtupu, kitu kama kuipasua sauti kupitia "flenji" yenye kila aina ya vivumishi visivyo na maana. Lennon akalidaka lile neno, na tangu hapo akawa anaomba awekewe flenji ya Ken. Kwa hiyo utani ulikuwa wa Martin. Lennon ndiye aliyeufanya uishi.

Kuna maelezo ya pili, na mafundi wengi wa zamani watakuapia hilo. Flenji ni neno ambalo fundi bomba yeyote wa Kariakoo analijua: lile duara la chuma lenye matundu ya bolti linalounganisha mabomba mawili. Kwenye rili, lile gurudumu linalozungushiwa tepu, flenji ni zile sahani mbili za pembeni zinazoizuia tepu isimwagike. Ukiweka kidole gumba kwenye ukingo wake, rili inakuwa nzito, tepu inachelewa kwa unywele, na sauti inaanza kuhama. Ndiyo maana kazi hiyo ikaitwa hivyo. Mimi naona hakuna haja ya kuwagombanisha. Martin hakuliokota neno lile mbinguni. Lilikuwa limelala kwenye kila mashine iliyokuwa chumbani. Na utaona kwamba Waingereza wenyewe mwaka 1967 walikuwa wakisema zaidi "feizi" kuliko "flenji", hata kwa kazi ya tepu. Mgawanyo wa leo, kwamba flenja ni hiki na feiza ni kile, umeletwa baadaye na wauza pedali, vile viboksi vya kubadilisha sauti ambavyo mpiga gitaa hukanyaga. Nitaurudia.

Tuje kwenye wimbo wako. Itchycoo Park ulirekodiwa Olympic Studios, Barnes, kusini-magharibi mwa London, ukatoka Agosti 1967, ukafika nafasi ya 3 Uingereza. Kwenye meza ya kurekodia alikaa fundi Glyn Johns. Lakini aliyekuwa amekipika kitu chenyewe ni kijana mwingine wa studio hiyohiyo, George Chkiantz, ambaye alikuwa akiichezea sauti ile kwenye mashine za tepu na akamwonyesha Johns. Johns akaona wimbo wa Small Faces ndio mahali pake. Na hapo ndipo nawavulia kofia, kwa sababu hawakufanya kama Toni Fisher. Waliiweka kwenye vipande tu, dramu za Kenney Jones zinapofumuka, kisha wakaiondoa. Ungeiacha wimbo mzima ungeichoka baada ya dakika moja.

Kwa nini dramu? Angalia tena chanuo. Mapengo hayasikiki kama hakuna kitu cha kukatwa. Filimbi ina masafa machache; pengo likipita pasipokuwa na noti, halina cha kufanya. Matoazi yana karibu kila kitu, kama ile "shhhh" ya redio, kwa hiyo kila pengo linapopita linaacha alama. Kama umejaribu flenja yako kwenye besi laini ukaona haifanyi kazi, si kosa lake.

Miezi michache baadaye, humohumo Olympic, Eddie Kramer na Chkiantz waliipeleka mbele kwenye Bold as Love ya mpiga gitaa Jimi Hendrix, mwishoni mwa albamu ya Desemba 1967. Wimbo unaonekana umekwisha, dramu zinarudi peke yake, na zinazunguka; halafu gitaa linaingia na kila kitu kinasombwa kutoka spika ya kushoto kwenda ya kulia. Vaa hedifoni. Baada ya hapo ikawa homa: mwaka 1968 karibu kila bendi yenye tepu mbili ilitaka jeti yake.

Niseme kidogo jinsi mkono unavyohisi, maana nimewahi kuifanya. Miaka ya 80 nilikuwa fundi mdogo kwenye chumba cha kurekodia cha redio moja ambayo sitaitaja, nasi tulikuwa na mashine mbili za tepu ya robo inchi na ya tatu ya kunakilia. Usiku mmoja nilinakili tangazo la muziki kwenye rili mbili. Nikaweka alama kwa penseli ya nta nyuma ya tepu, mahali palepale kwenye zote, nikazipanga alama kwenye vichwa vya kusomea, nikabonyeza vitufe viwili kwa mikono miwili. Hazikuanza pamoja, haziwezi. Moja ilitangulia kama mwangwi wa chooni. Nikagusa ukingo wa rili ya mashine iliyotangulia, ile inayotoa tepu, kwa kidole gumba, kugusa tu. Mwangwi ukafupika. Sauti ikawa kama inatoka ndani ya bomba, bomba likawa jembamba, jembamba, mluzi ukapanda hadi ukapotea juu kabisa, na kwa nusu sekunde hivi muziki ukasikika safi, mkubwa, kama hakuna kilichowahi kutokea. Halafu mluzi ukarudi kutoka juu ukishuka. Nakala ilikuwa imepita. Nikahamisha kidole upande wa pili.

Kwenye mwendo wa sentimita 38 kwa sekunde, milisekunde 1 ni tepu ya milimita 0.38, kama karatasi nne za daftari ukizibana pamoja. Hicho ndicho kipimo unachokitafuta kwa kidole gumba. Kidole changu kilikuwa na jasho, kikang'ang'ania badala ya kuteleza, rili ikasita, tepu ikafumuka kutoka upande wa pili na kujaa sakafuni kama tambi. Asubuhi bosi alizikuta na hakuniuliza nilikuwa natafuta nini.

Lakini ile nusu sekunde ya muziki safi ndiyo jibu lako. Ucheleweshaji ukiwa milisekunde 1, pengo la kwanza liko hezi 500. Ukiwa nusu milisekunde, liko hezi 1000. Ukizidi kupungua, pengo linapanda, na likivuka hezi 20,000 sikio la binadamu haliliwezi tena, kwa hiyo sauti inafunguka yote. Hapo ni sifuri. Ukiendelea, nakala iliyokuwa nyuma inakuwa mbele na mapengo yanateremka tena. Kupanda, kufunguka, kushuka: huo ndio mkunjo unaousikia kwenye Itchycoo Park. Wanaofika karibu na sifuri na kurudi walikotoka hawaupati.

Na pedali, karibu zote, zinarudi zilikotoka. Mwaka 1969 watafiti wawili wa Philips huko Uholanzi, Sangster na Teer, walibuni saketi ya kuchelewesha sauti bila tepu: safu ndefu ya kapasita, kila moja inampasia jirani yake chaji ya umeme, kama vibarua wanaopandisha ndoo za zege ghorofani kwa kupasiana mkono kwa mkono. Kwa Kiingereza jina lake lenyewe limetokana na ndoo. Chipu hizo ndizo zilizowezesha flenja kuingia kwenye boksi la miguuni. Electric Mistress ya Electro-Harmonix ya mwaka 1976 ni mojawapo ya zile zilizovuma. Ila ndoo lazima isafiri safu nzima. Hata ukiwakimbiza vibarua vipi, haiwezi kufika juu wakati uleule ilipotoka chini, na sauti ya asili haisubiri, inapita pembeni mara moja. Kwa hiyo pengo linapanda, linapanda, linagonga dari na kurudi. Plagini nyingi zimeiga pedali hizo, pamoja na dari yake.

Feiza ni ndugu wa mbali zaidi. Haina ucheleweshaji wa maana. Ina vichujio vinavyopitisha masafa yote lakini vinayasogeza fezi, kila masafa kwa kiasi chake. Fezi ndiyo ileile ya umeme wa fezi tatu unaoujua, mawimbi yanayopanda na kushuka kwa zamu. Ukichanganya sauti iliyosogezwa na ya asili, unapata pengo moja kwa kila vichujio viwili. Phase 90 ya MXR ya mwaka 1974, kile kiboksi cha rangi ya chungwa chenye kitasa kimoja, ina vinne, basi mapengo mawili. Chanuo lenye mapengo mawili tu si chanuo, ni uma. Ndiyo maana feiza ni laini, inapendeza chini ya gitaa la ridhimu kwa wimbo mzima bila kuchosha, na haitatoa jeti hata ukiisihi. Kwenye studio, Eventide walitoa boksi lao la feiza mwaka 1971 na kuliuza kama njia ya kupata sauti ya tepu bila tepu. Lilikuwa zuri. Sauti ya tepu haikuwa.

Kabla sijakupa dawa, kuna jambo moja siwezi kuliacha, kwa sababu linatuhusu sisi tuliokulia kwenye masafa mafupi. Mjapani Fumio Mieda ndiye aliyebuni pedali ya Uni-Vibe mwishoni mwa miaka ya 60, ile ambayo Hendrix aliikanyaga Woodstock mwaka 1969. Watu husema alikuwa anaiga spika ya Leslie inayozunguka. Mwenyewe alisimulia kwamba wazo lilimjia kutokana na kusikiliza Radio Moscow nchini Japani, jinsi sauti ilivyokuwa ikipindapinda njiani. Akaweka taa ndogo katikati ya vihisi-mwanga vinne, taa ikawa inapumua, na fezi ikawa inasogea nayo.

Muulize babu yako kama hajui sauti hiyo. Ukisubiri taarifa ya habari ya Kiswahili usiku kutoka London, Cologne au Moscow hiyohiyo, ghafla sauti ya mtangazaji inakuwa na tundu, inaingia kwenye mtungi, inazunguka na kutoka. Mawimbi yalikuwa yamepiga kwenye tabaka la juu la anga na kukufikia kwa njia mbili, moja ndefu kuliko nyingine, na tabaka lenyewe halitulii. Nakala mbili, ucheleweshaji unaohama, mapengo yanayotambaa juu ya sauti. Wengi wetu tulikuwa tunaipiga redio kofi.

Haya, kazi. Chukua kipande chako cha dramu kikiwa WAV, si MP3, maana MP3 huongeza vipande vya kimya mwanzoni na kukuharibia hesabu. Kinakili kwenye traki ya pili. Nakala hiyo ipunguze mwendo kwa asilimia 0.1, mwendo wenyewe pamoja na noti, usitumie ile ya kunyoosha muda. Kulegea huko sikio halikutambui. Kisha traki ya asili isogeze ianze milisekunde 5 baadaye, ili nakala ianze ikiwa imetangulia. Kwa asilimia 0.1, nakala inarudi nyuma milisekunde 1 kila sekunde. Sekunde ya 5 watakutana, sekunde ya 10 nakala itakuwa nyuma milisekunde 5. Weka feda, yaani vitelezi vya ukubwa wa sauti, zote mbili sawa kabisa; moja ikizidi, mapengo yanajaa na chanuo linakuwa butu. Panga ili sekunde ya 5 iangukie pale dramu zinapofumuka.

Ukitaka kubaki na plagini ya flenja, inawezekana pia. Iweke kwenye nakala peke yake, itoe sauti iliyocheleweshwa tu bila ya asili, zima ule mrejesho unaoifanya ilie kama chuma, na traki nyingine icheleweshe kwa kiasi kilicho katikati ya mwendo wa flenja. Zima na lile wimbi la kuiendesha yenyewe kwa mzunguko. Andika mwendo kwa mkono, kwa kipanya au kitasa, ukisikiliza. Kidole gumba hakirudi mahali palepale kila sekunde nne.

Na kama pale katikati, badala ya sauti kufunguka, unasikia shimo la kimya, traki moja imegeuzwa polariti, yaani inavuta pale nyingine inaposukuma. Irudishe. Au iache hivyo usikilize kwanza. Kuna waliolipenda shimo hilo kuliko sauti yenyewe.